Fomu Nzuri ya Kutafuta Mwenza wa Igizo

Fomu ya kuwaunganisha watu wanaoigiza kwa maandishi mtandaoni mimi huipima kwanza kwa nafasi inayompa mtu ya kukataa. Ukiuliza watu wanapenda nini, watafanana wote: nani hapendi safari, mapenzi na vichekesho? Wanatengana wanapoulizwa wasichokitaka, na hapo ndipo fundi anapojulikana.

Tuseme wanaotafutana wako ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mmoja Nyanza-Lac upande wa Burundi, mwingine Kigoma au Uvira, wote watu wazima. (Fomu isiyouliza umri iweke kando, wala usiendelee kuisoma.) Tazama kipengele cha "vita". Fomu mbovu ina kisanduku kimoja, ndiyo au hapana. Lakini machafuko ya Burundi ya 1972 yalianzia huku huku, Rumonge na Nyanza-Lac, tarehe 29 Aprili. Jeshi likajibu kwa mauaji yaliyoenea nchini, na watu wengi wakakimbilia Tanzania. Walioanza kurudi kwa wingi mwaka 2008 kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wengi walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine, na kesi zikajaa mezani mwa CNTB, tume ya ardhi iliyoundwa 2006. Igizo la mzee anayerudi na kukuta michikichi yake inavunwa na asiyemjua, kwa kijana wa Dar es Salaam ni kisa kitamu. Kwa mtu wa Nyanza-Lac linaweza kuwa faili la baba yake.

Kwa hiyo fundi huipasua "vita": vita vya mikuki vya falme za kubuni, vita vya bunduki vinavyofanana na vya juzi, ukimbizi na maisha ya kambini, ugomvi wa ardhi. Kisha kila kimoja hukipa majibu matatu badala ya mawili: ndiyo, hapana, au nyuma ya pazia. Ron Edwards, mbunifu wa michezo wa Marekani, alitenganisha mstari na pazia. Lililo nje ya mstari haliingii kabisa kwenye igizo. Lililo nyuma ya pazia linatokea, ila halisimuliwi. Mtu anaweza kukubali kijiji kiteketee, akakataa kusomeshwa habari za maiti. Asipopewa nafasi ya kusema hivyo, ama atadanganya, ama atajinyima igizo zima.

Halafu uliza majini yamewekwa wapi. Yakiwa kisanduku kimoja na mazimwi na watu wanaogeuka fisi, mbunifu hakuwakumbuka Waislamu wa Rumonge, ambao kwao majini ni sehemu ya imani. Uchawi nao vivyo hivyo: kuna anayeucheka, na kuna ambaye jirani yake alifukuzwa kijijini kwa ajili yake.

Muda ndio kipengele kinachodharauliwa kuliko vyote. "Saa ngapi kwa wiki?" halisaidii kitu. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, hivyo saa mbili usiku ya Nyanza-Lac ni saa tatu Kigoma, na aliyezoea saa za Kifaransa akiandika 8 ana maana ya saa mbili asubuhi. Mvuvi wa ndagala anakesha ziwani na taa zake. Mbalamwezi ikiwaka sana ndipo anapumzika. Huyo aulizwe siku zipi za mwezi, na mwenza wake aulizwe swali ninalolipenda kuliko yote: "Mwenzako akinyamaza siku nne, utafikiri nini?"

Lugha isikuchukue muda. Kiswahili kinaeleweka pwani yote hii. Uliza tu kama mtu anakerwa kikichanganywa na Kirundi au Kifaransa.

Wabunifu wengine huazima makundi manne ya wachezaji ya mbunifu wa michezo Richard Bartle, ya 1996: watafuta ushindi, wachunguzi, wapenda maongezi na wanaowashambulia wenzao. Yalitungwa kwa ajili ya michezo ya maandishi yenye wachezaji wengi kwa pamoja. Kwa wenza wawili ni kanzu kubwa, tena nani atajiandikisha mwenyewe kuwa mshambuliaji? Heri aombwe aya moja: mhusika wako anaingiaje sokoni? Urefu wa aya na namna yake ya kuandika vitajieleza.

Wala usidanganyike kuwa kompyuta itarekebisha vipengele vibovu. Wanahisabati David Gale na Lloyd Shapley walionyesha mwaka 1962 kwamba kwenye pande mbili zenye idadi sawa, kila mtu akiwapanga wa upande wa pili kwa upendeleo wake, haukosekani mpangilio ambao hakuna wawili watakaowaacha wenza wao ili wafuatane. Waigizaji lakini wako kapu moja, na makala yao hiyo hiyo ilionyesha kwamba hapo mpangilio wa namna hiyo unaweza kukosekana.

Mwisho fungua "mengineyo", usome walichoandika watu. Jambo moja likijirudia humo kwa watu wasiojuana, fomu ina kipengele kinachokosekana, na mwenye fomu aliyeliona akaliacha humo miezi mingi hastahili kukabidhiwa majibu yako.