Sifa za Fundi Anayekataa

Saiba za Umoja na Kayole jijini Nairobi, pale watu wanapojazia ritani za kodi za KRA na kuombea mikopo ya masomo ya HELB, huishi kwa kompyuta za mtumba. Kumbukumbu ni ndogo, bando ni la kununua. Fundi wa Linux katika mitaa hii namheshimu hasa kwa kile anachokizuia kisiingie.

Programu za Debian na Ubuntu huja kwa vifurushi, na kifurushi hakitembei peke yake: ni mgeni wa harusi anayefika na binamu zake. Tangu Debian 5 ya mwaka 2009, apt, amri inayoviweka, huongeza hata vile vinavyopendekezwa tu. Fundi makini huandika kwanza apt -s install, amri inayoonyesha yatakayotokea bila kugusa chochote, kisha anaisoma orodha yote, jina kwa jina. Kazi hii haina haraka, na mteja haioni. Kwangu mimi, ufundi wenyewe ndio huo.

Tazama snapd, programu inayosimamia vifurushi vya aina ya snap. Katika Ubuntu 20.04, ukiomba Chromium kupitia apt, unaletewa snapd pia, nayo hutafuta masasisho mara nne kwa siku. Saiba inayohesabu megabaiti inaumia. Mwaka 2020, Linux Mint 20, mfumo uliojengwa juu ya Ubuntu, iliifungia snapd mlango kwa faili ndogo ndani ya /etc/apt/preferences.d, na fundi wa Buruburu anaweza kuiandika hiyohiyo kwenye Ubuntu yake:

Package: snapd
Pin: release a=*
Pin-Priority: -10

Mistari mitatu tu! Kipaumbele kikiwa chini ya sifuri, apt haikiweki kifurushi hicho hata kikiitwa na kingine. Kile kisichoweza kukaa bila hicho nacho hukwama nje, kwa hiyo lazima fundi awe na kivinjari kingine tayari. Nampenda zaidi yule anayeongeza mstari wa Explanation na kueleza, kwa Kiswahili au Sheng, kwa nini alikataa. Fundi atakayekuja baadaye hatabahatisha.

Mwenye saiba wa Dandora au Donholm, mwombe fundi wako akufungulie faili hiyo uisome. Kisha mlipe pia kwa muda alioutumia kusoma ile orodha.