Kura na Mizani: Ulinganishi wa Albamu za Duma (2020) na The Adept (2024) kwa Upeo wa Msikilizaji wa Mwambao wa Kigoma

Utangulizi

Uhakiki wa muziki kwa Kiswahili umejikita katika taarab, dansi na Bongo Fleva, na umeyashughulikia maneno ya nyimbo kuliko milio yake. Metali kali, yaani tawi la roki lenye magitaa mazito, ngoma za kasi na sauti ya mkoromo au ukelele, imeachwa nje kwa hoja kwamba ni kelele tu. Sehemu hii inalinganisha albamu mbili za metali kali zilizotoka Afrika Mashariki, kisha inatoa hukumu kati yake. Swali linaloiongoza ni hili: msikilizaji anapotakiwa kuipigia kura albamu moja, kura hiyo inapima nini?

Uchambuzi unatumia dhana ya upeo wa matarajio kutoka nadharia ya upokezi ya Hans Robert Jauss. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, kazi ya sanaa hupokelewa kwa kulinganishwa na yale ambayo hadhira imekwisha kuyazoea. Upeo uliochaguliwa ni wa mwambao wa Kigoma na Ujiji. Hadhira ya huko haina mazoea ya metali, lakini ina mazoea ya muda mrefu ya kushindanisha muziki, na inaishi jirani na mojawapo ya sanaa kuu za ngoma katika ukanda huu.

Mashindano kama kura

Mashindano ya ngoma ni ya zamani kuliko kura za tuzo. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, ameonesha jinsi beni ilivyotoka pwani na kuingia bara pamoja na askari na wafanyakazi, na jinsi pande za Marini na Arinoti zilivyoshindana kwa sare, vyeo, karamu na wingi wa watu. Aliyejiunga na upande mmoja alikuwa amekwisha kupiga kura kabla ngoma haijalia. Ushindi ulipima mshikamano wa kundi. Ubora wa mlio ulikuwa kigezo kimoja tu kati ya vingi.

Hali hiyo haijatoweka. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwemo Diamond Platnumz na Ali Kiba, walikutana chini ya jina la Kigoma All Stars katika wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite. Baadaye mashabiki wa wasanii hao wawili waligawanyika katika kambi zinazoshindana, ingawa wote wana asili katika mkoa mmoja. Kura ya aina hiyo ni tamko la utii. Ina thamani yake ya kijamii, lakini haiwezi kusimama badala ya uhakiki. Kwa sababu hiyo hiyo, uchache wa wapenzi wa metali nchini Tanzania si ushahidi kwamba muziki huo hauna ubora.

Mizani ya inkiranya

Mizani inayofaa zaidi inapatikana kaskazini mwa Kigoma. Ngoma ya kifalme ya Burundi, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014, hupangwa kwa nusu duara. Katikati husimama inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe hushikilia pigo lisilokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya. Ukubwa wa mlio haufanyi ngoma hiyo kuwa kelele, kwa kuwa kila pigo lina mahali pake na msikilizaji anajua nani anaongoza. Msikilizaji aliyeuzoea mpangilio huo anaweza kuiuliza albamu yoyote yenye kishindo maswali mawili: nani yuko katikati, na nani anaitika?

Duma ni albamu ya Martin Khanja, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu, wote wa Nairobi. Ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, lebo iliyosambaza pia singeli ya Dar es Salaam yenye kasi inayoweza kupita mapigo 200 kwa dakika. Kwa hiyo msikilizaji wa Kitanzania haingii katika kasi ya Duma akiwa mgeni kabisa. Jina lenyewe linampotosha kwa namna yenye manufaa: katika Kiswahili duma ni mnyama mwenye mbio, ilhali waundaji wamelieleza kwa maana ya giza katika Kigikuyu. Albamu inabeba maana zote mbili. Mapigo ya kielektroniki yanakimbia, magitaa na mivumo yanaziba mwanga, na ukelele wa Khanja unatoka ndani ya giza hilo bila kulitawala. Katikati pamekaliwa na pigo. Sauti ya binadamu ndiyo inayoitika.

The Adept, albamu ya Lord Spikeheart peke yake, ilitolewa na lebo yake ya Haekalu. Humo mpangilio umegeuzwa. Watayarishaji na wageni ni wengi, milio inabadilika kutoka wimbo hadi wimbo, na sauti yake ndiyo inkiranya inayowakusanya. Albamu imetolewa kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mama mkuu wa ukoo wake, aliyepata cheo cha Fildi Mashali katika vita vya Mau Mau na kufariki mwaka 2023. Ukelele unapata nasaba: ni sauti ya mzao wa ukoo anayeita msituni.

Hukumu

Kwa upana wa milio na uzito wa kumbukumbu, The Adept inaizidi Duma. Hata hivyo, uzito huo unategemea maelezo yaliyo nje ya muziki. Maneno yaliyopigwa ukelele ni magumu kuyashika, na msikilizaji wa Ujiji asiyeelezwa habari za Muthoni hawezi kumsikia. Duma haihitaji mkalimani. Giza lake limo katika mpangilio wenyewe. Pia uwingi wa wageni katika The Adept unafanya duara livunjike mara kwa mara, ilhali katika Duma halivunjiki.

Kwa mizani iliyotumika hapa, kura inakwenda kwa Duma. Msomaji mwenye mizani ya historia anaweza kuigeuza hukumu hii, lakini atalazimika kuonesha ni wapi katika mlio historia hiyo inasikika. Hapo ndipo kura inapogeuka uhakiki: inapofuatana na hoja ambayo mpinzani anaweza kuipima kwa kusikiliza. Metali kali inastahili hoja za namna hiyo kwa Kiswahili, sawa na taarab na dansi.