Jinsi ya Kuipima Programu Inayosoma Tarehe

Mnunuzi mzoefu wa mahindi hapa Matai, wilayani Kalambo, haulizi kama mzigo umekauka, hung'ata punje. Programu inayosoma tarehe nayo ina punje za kung'ata, ila anayekuuzia hatakuonyesha ni zipi. Kazi ya programu hiyo ni kuchukua maandishi kama "5 Machi 2024, saa 2 asubuhi" na kuyageuza kuwa namba moja, ambayo kwa kawaida ni idadi ya sekunde tangu kuanza kwa 1 Januari 1970 kwa majira ya UTC. Kwetu wakati huo ilikuwa saa tisa usiku, maana Tanzania iko saa tatu mbele.

Anza na 03/04/2024. Kwa karani wa Kalambo hiyo ni Aprili 3. Mmarekani ataisoma Machi 4. Lugha ya PHP, iliyotumika kuandika tovuti nyingi, hufuata Wamarekani ukitenganisha kwa mkwaju, lakini ukiweka vistari huanza na siku. Zipo programu zinazobahatisha: 25/04 zinaipata, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, halafu 03/04 zinaigeuza kimyakimya. Ndiyo maana kosa hili hudumu kwenye daftari la stakabadhi bila kugunduliwa. Kuanzia tarehe 13 kila kitu huonekana sawa.

Kisha ipe 31/4/2024. Aprili ina siku 30, kwa hiyo jibu ni kukataa na kusema kasoro iko wapi. Kifaa cha zamani cha Java, SimpleDateFormat, kisipokazwa hukupa Mei 1 bila aibu.

Mwaka wa tarakimu mbili nao uujaribu. Kwa kanuni ya POSIX, 69 hadi 99 ni miaka ya 1900, na 00 hadi 68 ni ya 2000. Mzee aliyeandikiwa 12/5/58 basi bado hajazaliwa. Namba ya kitambulisho cha taifa cha NIDA imekwepa mtego huo: inaanza na mwaka kamili, kisha mwezi, kisha siku, mpangilio uleule wa kiwango cha ISO 8601.

Ufundi wenyewe hujulikana kwenye saa zetu. Andika "saa 12 asubuhi". Fundi mvivu huongeza sita kwa kila saa ya mchana, akapata 18:00, jua linazama; jibu ni 06:00. Andika "saa 2:30" peke yake. Inaweza kuwa 08:30 au 20:30, na kama mwandishi alinakili kutoka kwenye simu, inaweza kuwa 02:30, au hata 14:30. Majibu manne, na programu nzuri haichagui hata moja. Kigumu zaidi ni "saa 8 usiku, Jumatano". Je, ni ule usiku ulioanza Jumanne, au unaoishia Alhamisi? Watu huelewana kwa kusema usiku wa kuamkia Jumatano. Programu bora inalijua neno hilo, na lisipoandikwa inauliza. Programu za namna hiyo ni chache mno, na naona ni aibu kwa mafundi wanaoongea Kiswahili tangu utotoni.

Ukiwa Kalambo usisahau mpaka. Ng'ambo ya Kasesya ni Zambia, iliyo nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikidaka mtandao wa huko huweza kubadili saa yenyewe. Muda wa kupakia mzigo usiotaja eneo lake, Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Lusaka, hauna thamani mbele ya dereva mbishi.

Siku ya kuzaliwa, kinyume chake, haitaki saa wala eneo. Ikigeuzwa kuwa sekunde, Julai 1, 1985 saa sita usiku kwetu huwa Juni 30 saa 21:00 kwa UTC, na kadi ya mhusika hutoka imepungua siku moja. Inafaa ihifadhiwe kama tarehe tupu.

Kabla ya kulipa, kaa na muuzaji mezani uziandike zote hizi mbele yake. Programu ikizijibu zote bila kukataa wala kuuliza hata moja, usiinunue.