Dakika 26 za kipupwe

Mwanzoni mwa Juni 2025 nilimaliza jaribio langu la kwanza la triathloni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 10. Mwishoni mwa Septemba, kwa njia ileile ya Raskazone jijini Tanga na baiskeli ileile, nilitumia saa 1, dakika 32 na sekunde 45. Nimepunguza dakika 26 na sekunde 25. Kwa mtu mwenye kazi, familia na umri wa miaka 38, hizo ni nyingi, na nimekaa na daftari langu nikitafuta zimetoka wapi.

Kwa asiyeujua mchezo huu: unaogelea, unapanda baiskeli, unakimbia, na saa haisimami hata unapovaa viatu. Ulianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia Olimpiki mwaka 2000 kule Sydney, kwa kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na mbio za kilomita 10. Sisi tulichukua nusu yake: mita 750, kilomita 20, kilomita 5. Tulikuwa watu saba, saa ya simu, na kijana mmoja juu ya ngalawa akituchunga. Medali hazikuwepo.

Kazi yangu iko Handeni, nyumba yangu iko Korogwe, na kati yake kuna kilomita 65 za lami. Ijumaa jioni nateremka na baiskeli kwenda nyumbani, Jumatatu alfajiri naipanda njia hiyohiyo kurudi kazini. Kwa hiyo baiskeli sikuitafutia muda. Mbio nazo ni rahisi, barabara za vumbi za Chanika, mjini Handeni, zinatosha. Shida ilikuwa maji. Korogwe ina Mto Pangani unaopita hapohapo mjini, na kila mwaka kuna mgeni anayeniuliza kwa nini nisiogelee humo. Kwa sababu ya mamba. Jibu halina nyongeza.

Ikabidi niwe napanda basi la kwanza la Jumapili kwenda Tanga. Na hapa nieleze kosa la hesabu ambalo wengi wetu tunaoanza tunalifanya. Ukitazama muda, kuogelea ni sehemu ndogo ya shindano, kwa hiyo unajiambia heri nguvu zako uzipeleke kwenye baiskeli. Mimi nilijiambia hivyo mwaka mzima. Nilichokuwa sikioni ni kwamba mwogeleaji mbovu anatoka majini moyo ukimdunda kama amefukuzwa, na deni hilo analilipa kwenye baiskeli na kwenye mbio mpaka mstari wa mwisho. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800. Ukiinua kichwa kutafuta pumzi, miguu inazama, na kuanzia hapo unasukuma maji kwa kifua.

Tulifunga baharini madumu mawili ya lita 20, kila moja na kamba na jiwe, umbali wa mita 50 kati yake. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu mikono. Juni nilihitaji mikono 68 kutoka dumu hadi dumu. Sikujaribu kwenda haraka. Nilitazama chini, nikageuza uso pembeni kuvuta hewa, nikapulizia majini, nikaunyoosha mkono mbele kabla ya kuuvuta mwingine. Kwa sababu mkondo unakusaidia upande mmoja na kukuumiza upande wa pili, nilihesabu kwenda na kurudi, kisha nikagawa kwa mbili. Mwisho wa Agosti daftari linasema 51.

Bahari yenyewe nilifundishwa na mvuvi mmoja mzee. Nilimkuta anatengeneza nyavu, nami nimeshavaa miwani ya kuogelea tayari kuingia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leo ni bamvua. Mawimbi yasikutishe, wewe ogopa maji yanayotoka.”

Tangu siku hiyo nilipanga ratiba kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka kwa kasi, basi nilibaki karibu na ufuko. Siku za maji mafu, yanapojaa na kutoka kidogo, ndipo nilipopima umbali. Na kwa kuwa kipupwe ni msimu wa kusi, upepo huamka kadiri jua linavyopanda, hivyo wiki mbili nililala Tanga Jumamosi ili niwe majini saa 12 na nusu asubuhi.

Upande wa baiskeli, sifa ziende kwa mlima. Ukitoka Korogwe kuelekea Moshi unafika Mombo, na pale barabara inakata kulia kupanda Usambara: kilomita 33 hivi kupitia Soni hadi Lushoto, kupanda takriban mita 1,000. Juni ilinichukua saa 2 na dakika 38. Nilikuwa nakanyaga gia nzito, nikisimama kwenye pedeli, magoti yakilalamika. Fundi wangu wa baiskeli wa Manundu, Korogwe, alinitazama mara moja tu, akaniambia nikae, niweke kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Goti lilikunjika. Akapandisha kiti mpaka mguu uliponyooka, na maumivu yakaisha ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo nilishusha gia na kuhesabu mguu wa kulia: mizunguko 40 kwa nusu dakika, tambarare na mlimani. Agosti nilipanda kwa saa 2 na dakika 9. Kushuka sikupima. Malori ya mboga yanateremka kona hizohizo, na sekunde za kushuka hazina thamani ya mtu kutorudi nyumbani.

Julai niliharibu. Matokeo yalikuwa yanapanda, nikapata tamaa, nikafanya mazoezi makali siku nne kwa wiki. Mapigo ya moyo ninayoyapima kitandani kabla sijaamka yalitoka 54 hadi 63, usingizi ukakatika, mafua yakaja. Nililegeza kamba wiki mbili, nikikimbia kwa mwendo ambao mtu anaweza kusimulia habari bila kukata sentensi. Nilirudi nikiwa na kasi zaidi. Kwa maoni yangu hizo wiki mbili za polepole ndizo mazoezi bora kuliko yote ya msimu.

Usiku wa kuamkia Septemba 15 nilikesha na simu kutazama marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Mtanzania Alphonce Simbu alikuwa ameshika nafasi ya pili Boston Aprili 21 kwa saa 2:05:04, na wiki 21 baadaye yuko Japani, ameingia uwanjani nyuma ya Mjerumani Amanal Petros. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Picha ya mstari wa mwisho ilimpa Simbu dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Nililia, sioni aibu kusema. Kisha, nikiiwaza tofauti hiyo ndogo, nikafungua daftari langu na kuona kwamba Juni nilitumia dakika 5 na sekunde 40 kutoka majini hadi kwenye baiskeli, na dakika 3 kutoka baiskeli hadi mbio. Nilikuwa nimekaa chini, najifuta mchanga, nafunga kamba za viatu.

Asubuhi ileile nilikwenda kwa fundi cherehani Chanika nikanunua lastiki, ile ya kiuno cha sketi, nikaitia kwenye viatu badala ya kamba. Jioni uani niliweka ndoo ya maji, baiskeli, viatu na chupa, nikarudia mara kumi kila siku. Watoto wa jirani walihesabu sekunde kwa sauti.

Sasa hesabu ya mwisho. Kuogelea kumenipa dakika 7 na sekunde 50. Baiskeli, pamoja na mlima wote ule, dakika 5 na sekunde 40. Kubadilisha tu, kwa lastiki na ndoo, dakika 5 na sekunde 25. Mbio zimenipa dakika 7 na nusu, na mbio ndizo nilizozifanyia mazoezi kidogo kuliko zote. Kasi ile ilitoka majini: nilishuka kwenye baiskeli nikiwa bado na pumzi.

Ukiwa Handeni au Korogwe na unataka kuanza kipupwe kijacho, usianze kwa kununua baiskeli. Tafuta kwanza mtu anayejua kuogelea akufundishe, nenda naye baharini siku ya maji mafu, na mtoni usiingie.