Misa Kiganjani

Januari 1879 Mapadre Weupe walifika Ujiji baada ya safari ndefu ya miguu kutoka pwani. Leo Misa hufika hapa Simbo mara moja, ndani ya simu ya mjukuu. Tarehe 27 Machi 2020 hayati Papa Fransisko alisali mbele ya uwanja mtupu, mvua ikinyesha, na ulimwengu ukamwona. Picha zile zilifundisha kwa sababu kamera haikuwa na haraka. Video nyingi za kwaya zetu hazitulii: ubeti haujaisha, picha imekwisha ruka kutoka sare hadi maua, hadi gari. Neno linabaki yatima.

Lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Magoti yaliponikatalia, nilitazama Misa kitandani, nikajiona nimetimiza wajibu. Simu haikuniuliza hali. Walioniuliza ni wanajumuiya, waliobisha hodi Jumamosi alfajiri wakasali nami barazani. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogondogo mwaka 1976, walilijua jambo hili. Basi video na iwe kengele. Kengele huita watu. Haiketi mahali pao.