Kodi inauliza kama itoshe filme yako. Usijibu mbio



Kuna swali moja ndani ya Kodi ambalo mimi naliona baya kuliko kasoro yoyote ingine ya ile programu. Unafungua orodha ya filme, picha yake iko pale, jina liko pale, hata alama ya mahali ulisimamia juzi iko pale. Unabonyeza. Kodi inakujibu kwamba ile fishie haipatikani tena, kisha inakuuliza: niitoshe mu maktaba? Ndiyo ao apana.

Watu wengi wanajibu ndiyo. Si wajinga. Mashini imesema fishie haiko, na mashini njo inajua. Kumbe fishie iko. Iko ku diski, na diski iko ku meza, sentimeta makumi mawili toka kwa Raspberry Pi. Kilichotokea ni kwamba diski imezimika dakika moja iliyopita, juu sharjeri ya simu tuliyoiweka pale haina nguvu ya kulisha mashini na diski pamoja. Ukijibu ndiyo, filme yenyewe haifutwi ku diski, hapo tushukuru. Lakini kinachofutwa ni kazi iliyofanywa juu yake mu maktaba: picha na maelezo. Ili virudi, Kodi itapita tena mu diski na kwenda kuvitafuta ku intaneti, na kwetu intaneti ni mega, na mega ni feza.

Njo maana nasema swali ni baya. Mahali programu ilipaswa kusema "sioni diski yako", inasema "filme haiko, nifute?" Inamuonyesha mwenye nyumba mlango usio wa kosa.

Kwa wale hawaijui: Kodi ni programu ya bure ya kuonyesha filme, picha na miziki ku televizyo. Ilianza miaka ya 2000 ku mashini ya michezo ya Xbox, ikiitwa XBMC, na mwaka 2014 ikabadilisha jina. Raspberry Pi ni ordinatere ndogo sana, ubao mmoja tu, iliyotoka mwaka 2012. Ukiviunganisha, kwa njia ya LibreELEC ao OSMC, televizyo yoyote yenye HDMI inakuwa na maktaba yake. Telekomande ile ile ya televizyo inaweza kuongoza yote kupitia kable ya HDMI. Hakuna abonema. Ukishapanga filme zako, hata intaneti ikienda wiki nzima, unaangalia tu. Mimi naipenda hii kitu, na ni kwa sababu naipenda ndiyo naikosoa. Kwa nyumba kama zetu haiko na mpinzani wa maana.

Lakini imeandikwa na watu ambao kuraa haiwatoroki. Hiyo unaiona kila mahali ndani yake.

Tuanze na kuraa yenyewe, juu pale ndipo nusu ya magonjwa inatoka. Raspberry Pi inataka volti 5. Ikishuka chini ya 4.63 hivi, mashini inajihesabu iko mu hatari na inapunguza mwendo wake. Sharjeri rasmi ya Raspberry Pi 4 inatoa volti 5.1 na ampere 3. Ile 0.1 ya juu haiko pambo, ni ya kulipia kile kinachopotea njiani mu kable. Sasa linganisha na sharjeri ya soko, imeandikwa ampere 2 ku mgongo, na kable nyembamba ya metre mbili. Watu wananiambia: "Mbona simu yangu inajaa vizuri na hii sharjeri?" Simu inajaa juu iko na betri. Kuraa ikishuka kidogo, simu inajaa polepole, basi, hakuna mtu anayeona. Raspberry Pi haina betri. Ikikosa kwa nusu sekunde, imekosa. Na wenye kutumia panneau solaire na kile kitundu cha USB cha gari wako mu hali ile ile, ao mbaya zaidi.

Ongeza diski ya inje. Toka Raspberry Pi 2 mpaka 4, vitundu vyote vya USB kwa pamoja vina ampere 1.2 tu. Diski ya kuzunguka inakula sana wakati inaanza kuzunguka. Volti inaanguka, diski inapotea, na pale Kodi inakuja na swali lake la kufuta. Dawa ni diski yenye sharjeri yake, ao habu ya USB yenye kujilisha yenyewe. Hakuna programu itakayoponya hii.

Je, mashini haisemi? Inasema, na hapa nitaisifu kidogo kabla ya kuendelea. Ku mifumo ya zamani mashini yenyewe ilichora alama ya radi ya manjano ku kona ya kioo kila mara volti iliposhuka. Mtoto angeielewa. Tena kuna komande moja, vcgencmd get_throttled, unaiandika kupitia SSH na inakupa namba. 0x0 ni salama. 0x50000 maana yake volti ilishuka wakati fulani toka mashini iwashwe, hata kama saa hii iko sawa. 0x50005 ni kwamba inashuka sasa hivi, ukiwa unaangalia. Kusikosea: kutoiona radi haimaanishi kuraa ni nzuri. Namba ndiyo shahidi. Ila ukiwasha upya inasahau yote, kwa hiyo iulize baada ya kuangalia filme, si mbele.

Na watu walifanya nini na ile radi? Ushauri uliozunguka sana ni kuandika avoid_warnings=1 mu fishie ya config.txt. Radi inapotea ku kioo, na mtu anafurahi amepona. Ni sawa na kutosha balbu ya hatari mu gari ili mafuta ya injini yaonekane yamejaa. Kuna hata 2 mahali pa 1, ambayo inaruhusu mashini kukimbia mbio hata kama volti iko chini. Mwenye kumpa jirani ushauri kama huo bila kumuuliza aina ya sharjeri amemkosea.

Kitu cha pili ambacho hakisemwi ni saa. Raspberry Pi, mpaka ya 4, haina saa yenye betri. Ya 5 imepewa saa, lakini betri yake unanunua pembeni. Kuraa ikikatika na kurudi, mashini haijui ni siku gani mpaka intaneti imwambie. Na modem yetu inachelewa kuamka kuliko Raspberry Pi. Katika zile dakika, Kodi inajaribu kuchukua nyongeza zake ku intaneti, vyeti vya usalama vinaonekana kama ni vya siku ambayo bado haijafika, muunganisho unakataliwa, na ku kioo unasoma kwamba haikuwezekana kuunganika. Basi mtu anaanza kubadilisha modem, kubadilisha chanzo cha nyongeza, kufuta nyongeza yenyewe. Wakati jibu liko ku kona ya juu, upande wa kuume, mahali Kodi inaandika saa. Kama kwako ni saa mbili ya usiku na pale pameandikwa ingine kabisa, usiguse kitu. Ngoja. Mu mipangilio ya LibreELEC kuna hata mahali pa kuiambia ingoje mtandao mbele ya kufungua Kodi. Kwa nini hawakuiweka vile toka mwanzo? Juu kwao modem haizimikagi.

Sasa filme inayokatika-katika. Hapa lawama ni ya kugawana. Filme zinazopita toka mkono kwa mkono ku klé USB siku hizi nyingi ni za HEVC, ile watu wanaiita x265, juu ni nyepesi na klé inabeba nyingi. Raspberry Pi 3 haina kifaa cha ndani cha kufungua HEVC, inafungua kwa nguvu ya prosesa tu, na prosesa yake haiwezi kufuata vizuri. Raspberry Pi 4 inayo. Na Raspberry Pi 5, ambayo ni ya bei zaidi, inayo ya HEVC lakini wameitosha ya H.264. Prosesa yake ni kali, inabeba ile kazi bila taabu kwa filme za kawaida, lakini mtu anayefikiri kila namba mpya inaongeza kitu ajue hapa wametosha. Ukitaka kujua bila kubahatisha, unganisha klavie na ubonyeze herufi O wakati filme inacheza. Kodi itaandika jina la kifungulio. Ikiwa na HW, kifaa kinafanya kazi. Ikiwa na SW, ni prosesa peke yake njo inahangaika. Hii ni moja ya sehemu ambazo Kodi inasema kweli yote. Shida ni kwamba hakuna mahali ku kioo pa kukuonyesha ubonyeze O.

Nitapita haraka juu ya zile sanduku zinazouzwa zikiwa zimejazwa nyongeza za kuiba filme. Nyongeza zile zinakufa kila mara, na watu wanasema Kodi imekufa. Wenye Kodi wamekwisha kusema mara nyingi hawahusiki nazo. Na mwaka 2021, toleo la 19 lilipohama toka Python 2 kwenda Python 3, hata nyongeza halali zikaanguka kama wenyewe hawakuziandika upya. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Sasa nije kwetu, sisi wenye diplome. Ukimwita fundi kijana, hata mhitimu wa informatike, jambo la kwanza ni kuformate. "Nirudilie ku zero, itakuwa sawa." Anachoma karte memwari upya, mashini inawaka, analipwa, anaenda. Siku tatu baadaye diski inapotea tena, juu sharjeri ni ile ile. Ninakataa hii tabia kwa sababu mbili. Moja ni mega: fishie ya LibreELEC inapita mega 100, na kupanga maktaba upya kunaongeza juu yake. Ya pili ni nzito zaidi. Kuchoma karte upya kunafuta yote yaliyokuwa ndani, na kuna familia ambazo zimeweka video za ndoa, za ubatizo, za matanga mu ile karte, juu hazikuwa na diski. Fundi hakuuliza. Mwenye nyumba hakujua kuna cha kuuliza.

Na haikuwa lazima. Kila kosa limeandikwa mu fishie inayoitwa kodi.log. Tatizo ni njia ya kuifikia. Njia inayopendekezwa ni kuituma ku intaneti kwa kubonyeza mara moja na kupewa anwani fupi. Nzuri sana, kama intaneti njo si kitu kilichoharibika. Ukichomoa karte na kuiweka mu ordinatere ya Windows, hauoni kitu, juu sehemu ile ni ya ext4 na Windows haiisomi. Wengi wanafikia pale na kusema karte imekufa. Karte ni nzima. LibreELEC iko na njia ya tatu ambayo naona ni ya akili kuliko zote: unganisha ordinatere yako ku modem ile ile, hata isiyo na mega, fungua mtandao wa nyumbani, utaona doseye inayoitwa Logfiles. Ukiifungua, mashini yenyewe inakukusanyia yote mu fishie moja ya zip. Bila senti.

Tukilinganisha LibreELEC na OSMC, kwa mji wenye kuraa ya kuvunjika-vunjika nachagua LibreELEC. Mfumo wake umefungwa mu fishie ya kusomwa tu, kuraa ikikatika katikati hakuna kilichokuwa kinaandikwa pale. Kinachoweza kuumia ni sehemu ya pili, ile ya maktaba na mipangilio. OSMC ni Debian kamili, mwenye kupenda kujifunza ataipenda, lakini mfumo wake wote uko wazi kuandikwa, na kuraa ikikatika mu wakati mbaya inaweza kuumia yote.

Ila hata LibreELEC iko na kichekesho chake. Mu mipangilio kuna sehemu ya kutengeneza akiba, na mtu mwenye busara ataibonyeza mbele ya kuita fundi. Akiba inatengenezwa vizuri. Kwa kawaida inawekwa mu doseye ya Backup, ndani ya karte ile ile ambayo fundi anakuja kufuta. Inabidi uikopie mwenyewe ku ordinatere, kupitia mtandao wa nyumbani, kama ile ya Logfiles. Tena akiba ile inachukua mipangilio na maktaba ya Kodi tu. Video za ndoa haizichukui, na ku kioo hakuna neno linalokuambia.