Kimeng'enya kilichosingiziwa kovu la ini

Katika kichocho cha tumbo, kinachoharibu ini si mnyoo wenyewe, ni mayai yake. Minyoo ya Schistosoma mansoni hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yanayokosa njia ya kutoka na choo husombwa na damu hadi kwenye ini, yakanasa humo. Seli za kinga huyazingira, vinundu hujengeka, kovu likafuata. Wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wanaujua mwisho wake: tumbo kujaa maji na mgonjwa kutapika damu.

Mshukiwa wa kovu hilo alikuwa arjinesi, kimeng'enya kinachojaa ndani ya makrofaji, zile seli za kinga zinazomeza wavamizi. Hesabu yenyewe ilivutia. Arjinesi huvunja arjinini ikapatikana onithini. Onithini hugeuzwa prolini. Prolini ni malighafi ya kolajeni, na kovu ni kolajeni. Basi ukiiondoa arjinesi, kovu lipungue.

Ugumu ulikuwa hapo kwenye kuiondoa. Seli za ini nazo huitegemea arjinesi hiyohiyo kugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa urea. Panya aliyezaliwa bila arjinesi mwili mzima hufa akiwa na umri wa wiki mbili hivi. Kundi la mtafiti Thomas Wynn huko Marekani lilipita kando ya kikwazo hicho kwa ustadi ninaouheshimu sana: jeni ya arjinesi iliwekewa alama pande zote mbili, na kimeng'enya cha kuikata kikafanya kazi ndani ya makrofaji na seli za ukoo wake tu. Ini likabaki na arjinesi yake. Ndipo panya wakaambukizwa kichocho.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Panya ambao makrofaji yao hayakuwa na arjinesi walipata uvimbe mkali zaidi na kovu kubwa zaidi, wakafa mapema.

Kumbe seli T, aina nyingine ya seli za kinga, zinahitaji arjinini ili ziongezeke. Makrofaji yenye arjinesi huimaliza arjinini iliyo jirani, seli T zikashinda njaa, mapambano yakapoa. Kimeng'enya kikikosekana, seli T huzaliana bila breki na kumwaga interlukini-13, ishara inayoamuru kovu lijengwe. Wajenzi wa kovu, kwa upande wao, hawakukwama kwa kukosa arjinesi ya makrofaji.

Kwangu mimi, jaribio hili linatosha kumzuia yeyote anayetaka kuzima arjinesi ya makrofaji kwa nia ya kuokoa ini la mgonjwa wa kichocho. Nawe unayeoga au kuvua ziwani, kapime choo mapema. Prazikwanteli huua minyoo inayotaga. Mayai yaliyokwisha kunasa kwenye ini haiyaondoi.